Sura ya Tano: Kinachopotea Njiani Kabla ya Kufika Mezani

Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896, ikakwama. Kampuni ya Kijerumani iliyoundwa mwaka 1891 kwa ajili ya kuijenga ilianza kazi 1893, na baada ya miaka mitatu ilikuwa imetandaza kilomita 40 tu, toka bandarini mpaka hapa. Fedha zikaisha. Mwaka 1899 serikali ya Ujerumani ikaichukua njia hiyo, na hapo ndipo ilipoanza tena kusogea: Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza.

Wenye mitaji kule Ujerumani walikuwa na haraka ya reli kwa sababu ya milima iliyo juu ya Muheza. Derema, Ngwelo na Bulwa yalikuwa wakati ule mashamba ya kahawa, yaliyofunguliwa kwa kufyeka msitu wa Usambara Mashariki. Kwa macho matupu hesabu ilikuwa nyepesi. Msitu mnene kiasi kile, ukungu kila asubuhi, mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Ardhi inayobeba msitu wa namna hii itashindwaje kubeba kahawa?

Ilishindwa. Rutuba ya msitu ule iko juu ya ardhi, ndani ya miti yenyewe na kwenye majani yanayooza chini yake. Udongo, uliooshwa na mvua kwa maelfu ya miaka, ni mchachu na maskini. Ukikata miti na kuichoma, jivu na mboji vinalisha mazao kwa muda mfupi, kisha shamba linachoka. Kahawa ilipandwa kwa wingi, ikachipua, ikapendeza, halafu ikadhoofika. Wadudu na uhaba wa vibarua vikaongeza hasara, na katika mwongo wa kwanza wa karne ya 20 mashamba hayo yakaanza kuachwa moja baada ya jingine.

Nataka tukae kidogo kwenye ile miaka ya mwanzo, kahawa ilipokuwa bado inapendeza, kwa sababu hapo ndipo penye somo la sura hii. Mtu aliyeandika kutoka Derema kwamba msitu ni mnene hakudanganya. Aliyeandika kwamba miche imeshika hakudanganya pia. Idadi ya miche iliyopandwa ni kitu rahisi kuhesabu, rahisi kuandika, na kinapendeza kusomwa na mtu aliyeketi umbali wa majuma kadhaa kwa meli. Kila sentensi ingeweza kuwa ya kweli na bado uamuzi uliojengwa juu yake ukawa mbovu, kwa sababu swali lenyewe, yaani udongo huu utakuwaje mwaka wa sita, halikuwa na mtu wa kulijibu.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani, kwenye milima hiyo hiyo, taasisi ya utafiti wa kilimo na viumbe. Ilikuwa na maabara, maktaba na bustani kubwa ya majaribio. Ilipata sifa duniani, nayo ilistahili. Ila chombo cha kuuliza maswali kilijengwa baada ya msitu kukatwa na fedha kupotea. Huku chini pwani, mkonge ulipita njia tofauti. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai Tanga ilikuwa 62. Hiyo 62 ikapandwa, ikaangaliwa, ikazaa mingine, na kutoka hapo kukatoka zao lililoubeba mkoa wa Tanga kwa zaidi ya nusu karne. Uchache wa miche uliwalazimisha watu kusubiri ushahidi, jambo ambalo wenye kahawa hawakulazimishwa kulifanya.

Miaka hamsini baadaye kosa lile lile la kahawa lilirudi nchini humu kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki chache, sehemu kubwa kwa ndege, kisha ukapendekeza kulima karanga kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Kongwa ilichaguliwa. Mvua za Kongwa haziaminiki na udongo wake ukikauka unakuwa mgumu kama sakafu. Wagogo walioishi pale walilijua hilo bila ripoti. Mwaka 1949 wakaguzi walikataa kuzithibitisha hesabu za shirika lililosimamia mradi bila masharti, na Januari 1951 mradi ukafutwa ukiwa umekula takriban pauni milioni 36. Shirika lilikuwa na bodi kamili, yenye watu wenye sifa.

Nimeanza na watu wa mbali ili tusigombane mapema. Sasa turudi nyumbani, maana wilaya ya Muheza ina bodi nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Kuna bodi za vyama vya msingi vya mazao na bodi za SACCOS, zote chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Kuna bodi za shule, za hospitali, za kampuni za mashamba, na kuna bodi ya mamlaka ya maji ya Tanga, ambayo huduma zake zinafika mpaka mjini Muheza. Wajumbe wa bodi hizi ni walimu wastaafu, wafanyabiashara wa machungwa, wakulima wa viungo, mawakili, masheikh, mapadri, wahasibu. Wengi wao wana akili nyingi na nia safi. Wanachokosa ni habari inayowafikia ikiwa nzima.

Habari inakatika vipi? Tuseme pampu moja ya mradi wa maji inatetemeka. Fundi anamwambia mhandisi wake, "Hii haimalizi masika." Mhandisi anaandika kwa meneja kwamba pampu ina mtetemo usio wa kawaida na inahitaji ukaguzi wa haraka. Meneja, ambaye wiki hiyo ana mambo kumi, anaandika kwamba matengenezo ya pampu yamepangwa. Taarifa ya utekelezaji inayokwenda kwa mkurugenzi mtendaji inasema mitambo inafanya kazi na matengenezo yanaendelea kwa mujibu wa mpango. Kwenye kabrasha la bodi, ukurasa wa 47, kuna jedwali lenye safu inayoitwa "hali", na mbele ya pampu hiyo pameandikwa "nzuri". Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja alipunguza ukali kidogo, kwa adabu, kwa haraka, au kwa kuogopa kuulizwa mbona hukusema mapema. Kilichodondoka njiani ni ile shaka ya fundi, nacho ndicho kitu pekee ambacho bodi ilikihitaji.

Hapo ndipo ninaposimama katika kitabu hiki chote: taarifa ya bodi ni nzuri pale inapofika na shaka yake. Urembo wa majedwali, rangi za kijani na nyekundu, vishikwambi vilivyochukua nafasi ya makaratasi, vyote hivyo vina faida yake, na katika mashirika kadhaa vishikwambi vimeokoa fedha za kudurufu. Lakini kishikwambi kimeondoa pia kizuizi cha uzito. Zamani kabrasha la kurasa 300 lilimchosha hata dereva wa kulibeba, na mtu aliona haya kulituma. Sasa kurasa 300 zinatumwa kwa kubonyeza mara moja, usiku wa kuamkia kikao.

Nilikaa kwa muda katika bodi ya chama kimoja cha akiba na mikopo wilayani. Makabrasha yaligawiwa mlangoni, pamoja na chupa ya maji. Meneja alisoma taarifa ya marejesho ya mikopo, na marejesho yalikuwa mazuri, mazuri kuliko mwaka uliotangulia. Wajumbe tukatikisa vichwa. Mama mmoja wa makamo, mkulima wa hiliki kutoka huko juu Amani, akainua mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kumuuliza mwanangu meneja. Hawa waliolipa, walilipa kwa fedha gani?"

"Fedha zao, mama. Risiti zipo."

"Sikatai risiti. Nauliza, siku aliyolipa mkopo wa zamani, hakuchukua mpya?"

Chumba kikanyamaza. Meneja hakuwa mwizi. Yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuiangalia orodha kwa namna ile. Ilipoangaliwa, sehemu kubwa ya waliolipa walikuwa wamepewa mkopo mpya ndani ya wiki ile ile, mkubwa kuliko wa kwanza. Kwa daftari, deni lilikuwa limelipwa. Kwa maisha, lilikuwa limekua. Yule mama hakuwa na shahada ya uhasibu. Alikuwa anawajua majirani zake, na alijua hiliki ya msimu ule haikuzaa. Alileta kikaoni kitu ambacho hakikuwamo ndani ya kabrasha, akakilinganisha na kilichokuwamo, akaona haviendani.

Ndiyo maana siafiki ile desturi ya kujaza bodi watu wa taaluma moja. Wahasibu sita watasoma hesabu moja kwa jicho moja.

Lakini hata mjumbe mwerevu hawezi kuuliza juu ya daftari asilolijua kuwa lipo. Mwaka 2015 Kenya ilipata somo chungu kwa Imperial Bank. Mkurugenzi mkuu wake, aliyekuwa ameiongoza kwa miaka mingi, alifariki ghafla mwezi Septemba. Haukupita muda mrefu, waliobaki wakaona mambo yasiyoeleweka kwenye mikopo, bodi ikapeleka taarifa Benki Kuu ya Kenya, na tarehe 13 Oktoba benki ikafungwa na kuwekwa chini ya shirika la bima ya amana. Siku hiyo hiyo hatifungani yake ya shilingi bilioni 2 za Kenya, ambayo wawekezaji walikuwa wameshainunua, ilitarajiwa kuanza kuuzwa sokoni Nairobi. Madai yaliyofika mahakamani ni kwamba kwa miaka mingi fedha nyingi zilitoka kwa njia ambazo hazikuonekana katika hesabu zilizowekwa mbele ya bodi. Wakurugenzi walisema walidanganywa. Mamlaka zikasema walipaswa kujua. Wenye akaunti, wakiwamo wafanyabiashara wadogo wa Mombasa na Nairobi, hawakunufaika na upande wowote wa hoja hiyo.

Mimi naiona hivi. Bodi inayopata kila kitu kupitia mlango mmoja imekabidhi macho yake kwa mwenye ufunguo wa mlango huo, awe mwema au asiwe mwema. Mkaguzi wa ndani anayeandikiwa tathmini ya kazi na mkurugenzi mtendaji, anayeombea likizo kwake, na ambaye ripoti yake "inapitiwa" kabla ya kufika kwenye kamati ya ukaguzi, ni mlango ule ule umepakwa rangi nyingine. Lazima kamati ikutane naye peke yake, menejimenti ikiwa nje, hata mara moja kwa robo mwaka, na hata kama hana la kusema. Siku atakayokuwa nalo, kikao kiwe tayari ni cha kawaida. Isiwe ndiyo mara ya kwanza watu wanatolewa nje, mji mzima ukajua kuna jambo.

Kuna aina nyingine ya upotevu ambayo haihitaji mwovu wala mwoga, na mfano wake bora ninaoujua umetoka kwenye hospitali za kanda yetu. Watafiti wa malaria walifuatilia hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Wagonjwa 4,474 walikuwa wamelazwa na kutibiwa malaria kali. Vipimo vya damu viliposomwa upya kwa darubini na kwa uangalifu, wenye vimelea walikuwa asilimia 46 tu. Zaidi ya nusu waliugua kitu kingine. Fikiria sasa bodi ya hospitali yoyote ya wakati ule ikisoma taarifa ya mwaka: malaria inaongoza, dawa za malaria ziongezwe. Takwimu ilikuwa imejumlishwa sawasawa, ila ilihesabu kalamu ya daktari, na bodi ikadhani inasoma darubini. Mstari mmoja chini ya jedwali, unaosema nani kahesabu na kwa kifaa gani, ungetosha kumfanya mjumbe mmoja aulize.

Kwa hiyo ninapoombwa ushauri na katibu wa bodi, naanza na mstari huo. Kila takwimu nzito iandikwe chanzo chake: imepimwa na mita, imehesabiwa na mtu, imekisiwa, au imenakiliwa kutoka ripoti iliyopita. Upotevu wa maji uliopimwa na uliokisiwa ni vitu viwili, hata kama namba ni ile ile. Pili, takwimu isije peke yake. Iletwe na robo mwaka nane zilizotangulia, ili mjumbe aone inakotoka. Namba ya robo moja haimwambii mtu kitu, na menejimenti yoyote inaweza kuchagua mwezi wa kujilinganisha nao. Mengine nayataja kwa haraka kwa sababu kila mtu anayajua na ni wachache wanaoyatekeleza: makabrasha yatoke siku saba kabla, ukurasa wa kwanza useme bodi inaombwa kuamua nini, na njia zilizofikiriwa zikaachwa zitajwe pamoja na sababu.

Ninapotaka kutua zaidi ni kwenye "yatokanayo". Katika vikao vingi sehemu hii ya ajenda inapita kama upepo: namba ya kipengele, maelezo mafupi, "limetekelezwa". Bodi inaridhika kwamba trekta lilinunuliwa. Haiulizi kama trekta limefanya lile lililoahidiwa siku fedha zilipoombwa. Nashauri kila andiko linaloomba fedha liwe na aya mbili zisizokwepeka. Ya kwanza ieleze tunategemea kuona nini na lini. Ya pili ieleze ni dalili gani ikionekana tutajua tumekosea. Baada ya mwaka, aya hizo mbili zirudishwe mezani kama zilivyoandikwa, bila kuhaririwa, na mbele yake paandikwe kilichotokea.

Zoezi hili linauma mwanzoni. Likizoeleka, linabadilisha namna andiko linavyoandikwa tangu siku ya kwanza, maana mwandishi anajua sentensi zake zitamrudia. Kama mtu angewataka wenye mashamba ya kahawa waandike mapema ni dalili ipi itakayowaonyesha kwamba udongo umechoka, pengine wangesimama kabla ya kufyeka kilima kinachofuata.

Yote haya yanategemea jambo moja lisiloandikika kwenye mwongozo wowote: mwenyekiti anafanya nini mara ya kwanza anapoletewa habari mbaya. Menejimenti nzima inatazama. Akimfokea mleta habari, akamuuliza mbele ya wajumbe mlikuwa wapi siku zote, basi hiyo ndiyo habari mbaya ya mwisho kuisikia mapema. Zitakazofuata atazisoma gazetini au kwenye ripoti ya CAG. Mficha uchi hazai, na shirika lenye aibu halipati msaada. Mwenyekiti mmoja niliyewahi kumheshimu sana alikuwa na mazoea ya kuuliza kabla ya kufunga kila kikao: "Kuna nini mngependa tusiulize?" Kwa miezi ya mwanzo watu walicheka tu. Baadaye wakaanza kujibu.

Nimalizie na maji, kwa sababu hapa Tanga maji yametupa nafasi ya kufanya vizuri. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya maji ya Tanga, Tanga UWASA, ilizindua hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 na riba ya asilimia 13.5, ya kwanza nchini kwa mamlaka ya maji. Riba peke yake ni zaidi ya shilingi bilioni 7 kwa mwaka. Wanunuzi wake sasa ni wananchi na mifuko ya wananchi, na maji yanayotakiwa kulipa deni hilo yanatoka mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Amani na kushuka hadi bwawa la Mabayani. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wamewahi kuingia kwenye vyanzo hivyo huko Sakale. Mkulima anayelima mpaka ukingoni mwa kijito huko juu anagusa gharama ya kusafisha maji huku chini, na gharama hiyo inagusa uwezo wa kulipa riba.

Mjumbe wa bodi ya maji mwenye dhamana ya aina hii anahitaji ukurasa mmoja unaounganisha vitu hivyo: wingi wa tope kwenye maji ghafi mwezi kwa mwezi, dawa iliyotumika kuyasafisha, upotevu uliopimwa na mita kando ya ule uliokisiwa, kilomita za bomba zilizolazwa kulinganisha na zilizoahidiwa kwa wanunuzi, na fedha iliyotengwa kwa riba ijayo. Karibu na kila namba liwepo jina la aliyeipima na tarehe. Chini yake yabaki maneno ya mtu aliye karibu na mto, kama alivyoyasema, bila kulainishwa. Ukurasa kama huo hauhitaji programu mpya wala mshauri kutoka nje. Namba nyingi kati ya hizo huwa tayari ziko kwenye madaftari ya zamu ya mtambo wa maji na kwenye simu za mafundi. Mjumbe anayesoma haya anaweza kumwomba katibu wa bodi wiki hii, kabla hajaanza kukusanya makabrasha ya robo mwaka ijayo.